Maswali ya Wasomaji: Swingi Yangu Ina Kasoro Gani?

Barua nyingi za wachezaji wa gofu mwezi huu zinalia kilio kimoja kwa maneno tofauti: mpira hauendi ninakotaka. Tumechagua zile zenye maswali ya wengi. Maelezo yote ni kwa anayecheza kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze, palipoandikwa kulia asome kushoto. Tunaamini pia, na utaliona hilo likijirudia hapa chini, kwamba kasoro nyingi za swingi, yaani mzungusho wa fimbo wa kupiga mpira, huzaliwa fimbo ikiwa bado imetulia nyuma ya mpira: kwenye mshiko, kwenye mabega, na mahali mpira ulipowekwa. Ndiyo maana tunaanzia huko kabla ya kugusa mwendo wenyewe.

Nacheza kwenye uwanja wa gofu wa Lugalo, huu ni mwaka wa pili. Aironi zangu, zile fimbo za chuma, si mbaya, lakini draiva, ile fimbo ndefu ya mpigo wa kwanza, inanitesa: mpira unaanza vizuri, kisha unakata kulia mpaka vichakani. Wenzangu walinishauri nilenge kushoto ili ukikata uangukie katikati. Nimefanya hivyo na sasa unakata zaidi. Nakosea wapi?
*Msomaji wa Mbezi Beach*

Huo ushauri wa kulenga kushoto ndio unaokuongezea ugonjwa. Mpira ukipigwa unatii vitu viwili: uso wa fimbo unatazama wapi, na fimbo yenyewe inapita njia gani. Uso ndio wenye kauli kubwa kuhusu upande ambao mpira utaanzia. Kukata kunatokana na tofauti kati ya hivyo viwili. Uso ukiwa umefunguka kulia kuliko njia ya fimbo, mpira unazunguka kuelekea kulia. Sasa wewe umegeuza miguu na mabega kushoto, na fimbo hufuata mabega, kwa hiyo inashuka ikitokea nje na kukata kuja ndani. Uso umeubakiza ukitazama bendera. Tofauti imekua, na mpira unakata kuliko jana. Upepo wa kusi ukiwa umeshika, mpira wa namna hiyo huupotezi kwa mita chache.

Aironi zinakuficha kosa kwa sababu zina mlalo mkubwa wa uso, yaani uso umeinamia nyuma. Aironi 7 ina nyuzi 30 hadi 34 hivi, kwa hiyo mpira unapata mzunguko mwingi wa kurudi nyuma na ule wa pembeni hauonekani sana. Draiva ina nyuzi 9 hadi 12 tu, na mti wake, yaani mpini, ni mrefu. Haina pa kukufichia.

Kabla hujabadili chochote, chukua poda ya mtoto, ipake kidogo kwenye uso wa draiva, kisha piga mipira mitano. Kila mpira utaacha alama ya mviringo. Alama zikikusanyika upande wa kisigino cha fimbo, yaani karibu na mti, basi sehemu ya kukata kwako inatoka hapo: draiva ikigonga kwa kisigino huupa mpira mzunguko wa kwenda kulia hata kama uso ulikuwa sawa. Anayeona alama hizo asimame mbali kidogo na mpira, kiasi cha upana wa vidole viwili, apige tena aone. Poda hii ni ya mazoezini tu. Siku ya mashindano futa uso wote, kanuni haziruhusu kupaka kitu juu yake.

Baada ya hapo njoo kwenye mshiko, maana ndipo tunapodhani penye mzizi wako. Acha mkono wa kushoto uning'inie pembeni ya paja ukiwa umelegea. Utaona kiganja hakitazami mbele wala nyuma, kimeelekea kwenye paja na kugeuka ndani kidogo. Ulete kwenye fimbo ukiwa hivyohivyo. Kishikio kipite kwa mshazari, kutoka shina la kidole cha mwisho hadi katikati ya kidole cha shahada. Kikikaa katikati ya kiganja umeshakosea, kifundo cha mkono hakitageuka. Funga vidole, weka gumba kulia kidogo ya katikati ya kishikio. Ukiinamisha macho uone vifundo viwili hadi vitatu vya mkono huo. Ukiona kimoja tu, uso utafika kwenye mpira ukiwa wazi, hata ungekuwa na swingi ya bingwa. Mkono wa kulia ushike kwa vidole viwili vya kati, na kiganja chake kifunike gumba la kushoto. Ile V kati ya gumba na kidole cha shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee bega la kulia.

Mshiko mpya utakuchukiza. Utahisi umeshika fimbo ya mtu mwingine, na mipira ya mwanzo huenda ikapinda kushoto. Usiuache. Ushike ukiwa nyumbani, hata mbele ya televisheni, mara ishirini kwa siku: shika, achia, shika tena. Wiki mbili hivi mikono inaanza kuuzoea.

Halafu tazama mpira. Kwa draiva unakaa mkabala na kisigino cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, na uinuliwe kwenye tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, hadi nusu yake ionekane juu ya ukingo wa draiva. Wengi wanausogeza mbele zaidi, mkabala na vidole vya mguu. Ili kuufikia huko mkono wa kulia unalazimika kunyooka mbele, bega la kulia linafuata, na mabega yanakuwa yamefunguka kushoto kabla fimbo haijanyanyuka. Miguu inaweza kuwa imelenga sawasawa na mabega yakakusaliti. Laza fimbo juu ya kifua, kutoka bega hadi bega, mwenzako akwambie inaelekea wapi.

Njia ya fimbo iache mwisho. Weka chupa tupu ya maji ya nusu lita upande wa nje wa mstari wa lengo, kiasi cha sentimita 30 nyuma ya mpira na sentimita 15 nje ya mstari. Fimbo ikishuka kwa nje itaigonga. Piga mipira 10 kwa nusu ya nguvu, kisha 10 kwa robo tatu, kisha toa chupa upige 10 ukihisi bado ipo. Ukiigonga mara mbili mfululizo punguza kasi. Kosa hili mara nyingi linaletwa na mabega kuwahi kugeuka fimbo ikiwa bado juu. Acha mgongo uendelee kutazama lengo kwa kitambo kidogo, uzito uwe umeshaanza kuhamia mguu wa kushoto.

Shikamoo wataalamu. Mimi ni kedi, mbeba fimbo za wachezaji, nacheza siku tulizoruhusiwa. Aironi 7 ikinikataa, mara inachimba udongo kabla ya mpira, mara inagonga kichwa cha mpira ukaburuzika chini. Kila mtu ananiambia naangalia juu mapema. Nimejikaza kichwa kisitikisike lakini hali ni ileile.
*Kijana wa Kawe*

Marahaba. Kuchimba nyuma na kugonga juu ni ndugu wa tumbo moja. Fimbo inapita kama duara, na duara lina sehemu moja ya chini kabisa. Kwa mpira ulio kwenye nyasi, sehemu hiyo inatakiwa iwe mbele ya mpira, sentimita 5 hadi 10 kuelekea kwenye lengo. Fimbo igonge mpira kwanza, ikiwa bado inashuka, ndipo ikate nyasi. Kwako sehemu ya chini imebaki nyuma. Ikizama, unachimba. Ikiwa haikuzama, inakuwa imeshaanza kupanda ikifika kwenye mpira, na ukingo wake wa chini unaugonga kiunoni au kichwani.

Kwa nini inabaki nyuma? Kwa sababu uzito wako umebaki mguu wa kulia. Mara nyingi ni mpigaji anayetaka kuusaidia mpira kupaa: anajirudisha nyuma, anachota kwa viganja kama anayechota maji kwa kata. Mlalo wa aironi 7 unatosha kuupaza mpira. Kazi yako ni kushuka.

Ule usemi wa "umeinua kichwa" tunaomba usamehewe nao. Ni kweli kichwa kinaonekana kimeinuka, lakini hayo ni matokeo. Mwili umeogopa kuchimba, mikono imekunjika viwiko, kiwiliwili kimenyanyuka, na kichwa kimekwenda nacho. Anayekaza kichwa kama msumari anazuia pia uzito usihame, kwa hiyo anajifungia ndani ya kosa lilelile. Kichwa kiruhusiwe kugeuka mara mpira unapoondoka.

Zoezi lako ni la bure na liko karibu. Nenda ufukweni alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, pasipo na watu. Coco Beach ya Jumapili jioni haifai, usimjeruhi mtoto wa mtu. Tafuta mchanga uliolowa na kushikana. Chora kwa kidole mistari kumi, kila mmoja urefu wa mkono, ikipishana nusu hatua. Mstari ndio mpira wako. Simama ukiwa umeuweka katikati ya miguu, au upana wa mpira mmoja kushoto ya katikati, kisha piga kwa aironi 9 bila mpira. Angalia kovu kwenye mchanga limeanzia wapi. Likianzia nyuma ya mstari, umechimba. Likianzia juu ya mstari au mbele yake, umepiga aironi. Mchanga haubishani na mtu: utaona upana wa kovu, kina chake, hata mwelekeo wake, kama linakatia kushoto au limenyooka kwenda kwenye lengo.

Makovu yakiendelea kubaki nyuma, jaribu hivi. Simama robo tatu ya uzito ikiwa mguu wa kushoto tangu mwanzo, kisigino cha kulia kimeinuka, vidole tu vinagusa mchanga. Piga nusu swingi hivyohivyo, mikono iwe imetangulia kichwa cha fimbo kwa upana wa vidole vinne unapopita kwenye mstari. Huwezi kuegemea nyuma hata ukitaka. Fanya mistari kumi, kisha rudi kwenye kusimama kawaida. Ukimaliza, suuza fimbo kwa maji baridi ya bomba na uikaushe, kwa maana chumvi ya bahari inakula chuma.

Naogopa hata kuandika. Nikiwa mita 60 kutoka kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, mpira unatoka kulia kwa pembe kali, karibu uwapige wenzangu. Hausikiki hata kama umepigwa.
*Msomaji wa Upanga*

Hiyo ni shanki. Mpira umegonga shingo ya fimbo, pale mti unapoingia kwenye kichwa, na shingo ni ya mviringo, ndiyo maana unaruka pembeni. Wala si dalili ya kutojua mchezo, maana uko sentimita mbili au tatu tu kutoka kwenye mpigo safi. Tatizo ni kwamba wakati wa kushuka uzito unakimbilia vidoleni, mwili unasogea mbele, na fimbo inasogea nao. Kusimama karibu mno na mshiko wa kukaba huchangia.

Weka pakiti tupu ya maziwa, upande wa pili wa mpira, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mpira. Piga nusu swingi kwa weji, ile fimbo fupi ya mapigo ya karibu, bila kuigusa pakiti. Visigino vyako uvihisi chini muda wote. Ukiweza kunyanyua vidole vya miguu ndani ya viatu na bado ukapiga, uko salama. Mipira 15 inatosha kwa siku. Na usijaribu kuponya shanki kwa kusimama mbali na mpira, kwa sababu ukiwa mbali utauinamia, uzito utakwenda vidoleni, na itarudi.

Mume wangu amenipa seti yake ya zamani ili nijifunze. Fimbo naziona nzito na ndefu, na mpira wangu hauendi mbali. Ni mimi au ni fimbo?
*Mama wa Mikocheni*

Ni fimbo, kwa sehemu kubwa. Aironi 7 ya kiume huwa na urefu wa inchi 37 hivi na ya kike 36, na mti wa kiume ni mgumu na mara nyingi wa chuma. Mti mgumu usiopindika kwa kasi yako unapeleka mpira chini na kulia. Kwa sasa shika chini ya mwisho wa kishikio kwa sentimita mbili na nusu; usiikate fimbo bado.

Pima pia ulalo wa kichwa cha fimbo. Simama kwenye sakafu kama unataka kupiga, mtu aingize sarafu chini ya ncha. Ikipita sarafu moja au mbili, vizuri, kwa kuwa mti hupinda kidogo kwenda chini wakati wa kupiga. Ncha ikiwa juu kabisa na kisigino tu kinagusa sakafu, mipira yako itaelekea kushoto. Kwa kununua, wala usihangaike na fimbo 14, hicho ni kiwango cha juu tu. Anayeanza anatosheka na saba: mbao moja ya fearwei (ya mapigo marefu kutoka kwenye nyasi), haibridi (iliyo kati ya mbao na aironi), aironi 6, 7 na 9, weji ya mchanga na pata (ya kusukumia mpira shimoni). Za mtumba ni sawa ikiwa vishikio havijang'aa na miti haina ufa karibu na shingo.

Wanangu, nimefikisha miaka 66. Mgongo wa chini unakaza nikigeuka, na mpira siku hizi unaangukia kabla ya pale ulipokuwa ukiangukia. Je, nizidishe nguvu?
*Mzee wa Kinondoni*

Shikamoo mzee. Nguvu usizidishe, ndizo zinazokuumiza. Maumivu yakishuka hadi mguuni au yakiambatana na ganzi, acha fimbo umwone daktari kwanza.

Kama ni kukaza tu, fungulia nyonga nafasi ya kugeuka. Mguu wa kulia uelekeze nje nyuzi 20 hadi 30, na wa kushoto vivyo hivyo. Unapopandisha fimbo ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke. Wapo wanaosema ni kosa, lakini kwa umri wako tunaliona ni ukarimu kwa uti wa mgongo: nyonga zikigeuka, kiuno hakisokotwi peke yake. Fimbo ikifika robo tatu inatosha, haina haja ya kulala sambamba na ardhi.

Kasi itatoka kwenye mdundo. Kwa wapigaji wazuri, muda wa kupandisha huwa karibu mara tatu ya muda wa kushuka hadi kwenye mpira. Lugha yetu imekupa kipimo hicho ndani ya neno moja. Sema moyoni "po-le-po-le": fimbo ipande kwenye po, le, po, na mpira ugongwe kwenye le ya mwisho. Wengi wanaharakisha pale juu kabisa, kabla mwili haujamaliza kugeuka, ndipo mikono inapotangulia na mgongo unapokurupushwa. Kabla ya shimo la kwanza tembea dakika tano, geuka taratibu mara kumi ukiwa umelaza fimbo mabegani, kisha uanze na weji.

Mikono inanitoka jasho, na ikifika shimo la sita fimbo inateleza. Nakaza zaidi lakini mkwaju unaharibika.
*Msomaji wa Tabata*

Ukikaza, misuli ya mkono inafunga kifundo na uso unabaki wazi. Ndiyo slaisi, kule kukata kulia kwa msomaji wetu wa kwanza. Kwenye kipimo cha 1 hadi 10, shika kwa 4. Utelezi mwingi wa Dar es Salaam unatoka kwenye kishikio chenyewe: jasho, mafuta ya kujikinga na jua na vumbi vinajenga utando. Osha kila baada ya wiki mbili kwa maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na brashi laini ya kucha, suuza, kausha kivulini. Beba glavu mbili, ubadilishe kila baada ya mashimo matatu, ile nyingine ining'inie nje ya begi ipigwe upepo. Taulo kavu ifunge ndani ya mwavuli. Kishikio kikishakuwa kigumu na laini kama kioo, kuosha hakutasaidia, kibadilishwe.

Kwenye mashindano ya klabu, naruhusiwa kulaza fimbo chini ili nione kama nimelenga sawa? Na kedi wangu anaweza kusimama nyuma yangu kunielekeza?
*Mshiriki wa Masaki*

La kwanza, hapana. Ukilaza fimbo au kitu chochote kikusaidie kupanga miguu, ni mikwaju miwili ya adhabu, na kukiondoa kabla ya kupiga hakufuti kosa. Katika mchezo wa ana kwa ana unapoteza shimo.

La pili, tangu kanuni za mwaka 2019 kedi haruhusiwi kusimama makusudi nyuma ya mpira kwenye mstari wako au karibu nao kuanzia unapoanza kupanga miguu hadi umepiga. Akiwa amesahau, wewe ondoka kabisa pale ulipojipanga, asogee, ndipo urudi ujipange upya. Hapo hakuna adhabu.

Njia halali ni hii. Simama nyuma ya mpira ukitazama bendera, tafuta kitu kilichopo tayari kwenye mstari huo, nusu mita hadi mita moja mbele ya mpira: kovu la zamani, jani kavu, ua. Njoo pembeni, panga kwanza uso wa fimbo ukitazama kitu hicho, kisha miguu, mwisho mabega. Jani liwe limeanguka lenyewe, usilitie kwa mkono wako.